Kosta ya Jumamosi: kisa cha wageni katika kambi ya kipaimara, Lushoto

Kambi ilikuwa ya siku saba, Jumatano hadi Jumanne, likizo ya Juni, kwenye eneo la misheni lenye mabweni mawili katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Wanafunzi wa kipaimara walikuwa 84, wa miaka 12 hadi 15, wasichana 46 na wavulana 38, wote wa usharika mmoja wa Dar es Salaam. Walezi 11, wapishi watatu, muuguzi mmoja na mkuu wa kambi: jumla watu 100. Siku tatu za mwanzo zilikwenda salama. Jumamosi, siku ya nne, wakaja wageni 31. Kufikia saa nne usiku watoto 12 walikuwa wametapika, msichana mmoja alikuwa ametoka kambini na kurudi bila mkuu wa kambi kuwa na habari, picha ya wavulana wakioga ilikuwa inazunguka kwenye kundi la WhatsApp la usharika, na bweni la wasichana lilikuwa kilio kitupu.

Kisa hiki tumekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia kwenye kambi za aina hii. Hakuna usharika wa kutafutwa, na namba tumeziweka ili hesabu zifuatike. Kila kimoja kati ya vituko hivyo kimeshatokea mahali fulani. La kuchunguza ni kwa nini vinapenda kutokea pamoja, na kwa nini siku yenyewe huwa ya wageni.

Walezi 11 wakawa saba

Chama cha makambi cha Marekani, American Camp Association, kinapendekeza mlezi mmoja kwa watoto wanane wa miaka 9 hadi 14 pale wanapolala kambini. Watoto 84 ukiwagawa kwa nane unapata walezi 11 kasoro kidogo, kwa hiyo kambi hii ilikuwa imejipanga vizuri kuliko nyingi. Shida ni kwamba hesabu hiyo ilifanywa kwa ajili ya watoto peke yao, wageni hawakuwemo.

Kosta iliondoka Dar saa kumi alfajiri ikitarajiwa kufika saa nne asubuhi. Ilifika saa sita na dakika kumi. Anayeijua barabara ya Mombo kupanda kupitia Soni hashangai: kona ni nyingi, na gari lililojaa watu na vyakula halikimbizwi pale. Tangu saa nne watoto walikuwa wamekalishwa chini ya miti na sare zao za kwaya, wakiimba mapambio yaleyale, kwa sababu vipindi vya asubuhi vilifutwa ili wageni wakute kila kitu tayari.

Wageni waliposhuka, mlezi mmoja alipelekwa getini na daftari, wawili wakabeba viti na soda, wa nne akamtembeza mchungaji msaidizi. Walibaki saba kwa watoto 84, yaani mmoja kwa 12, tena katika saa ambazo eneo lilikuwa na watu wazima 31 wasiofahamika na watoto. Hakuna aliyeamua hivyo. Ukarimu wetu ndivyo unavyofanya kazi: mgeni akifika, kijana anainuka, na mzee hawezi kubaki amesimama huku mlezi amekaa na watoto.

Dawa yake haiko kwa walezi. Kamati ya wageni inatakiwa itoke usharikani na ije ndani ya hiyohiyo kosta: watu wanne wa kushika daftari, viti, chakula na matembezi. Mlezi asiache kundi lake hata akiombwa na mwenyekiti wa baraza.

Hotipoti mbili za pilau

Wazazi walichanga, akina mama wakapika pilau Ijumaa saa tatu usiku, saa nne likafungwa katika hotipoti mbili kubwa. Lililiwa Jumamosi saa saba na nusu mchana. Hapo ni zaidi ya saa 15.

Hotipoti haina moto. Inachelewesha tu kupoa. Saa chache za mwanzo chakula kinabaki cha moto kweli, kisha kinaingia kwenye uvuguvugu na kukaa humo muda mrefu kuliko ambavyo kingekaa kwenye sinia la wazi. Uvuguvugu huo, chini ya nyuzi 60 na juu ya nyuzi 5 za Selsiasi, ndio ambao bakteria wanaupenda. Wali una mgeni wake maalumu, Bacillus cereus: mbegu zake ngumu hustahimili kuchemshwa, chakula kikipoa polepole zinachipua, na bakteria wanaozaliwa humo hutengeneza sumu. Nyama iliyonyambuliwa kwa mikono baada ya kupikwa inaweza kuongeza wa pili, Staphylococcus aureus, anayetoka kwenye ngozi na pua za watu wazima wenye afya kabisa. Sumu za wote wawili haziondoki kwa kupasha moto. Wala hazina harufu. Mama aliyefunua hotipoti akaonja na kusema liko sawa hakudanganya; ulimi haukuwa na namna ya kujua.

Walionja watoto 23. Wa kwanza alitapika saa kumi jioni, wa mwisho saa moja na nusu usiku, yaani kati ya saa mbili na nusu na saa sita baada ya kula. Muda huo ndio uliomfumbua macho muuguzi. Ugonjwa wa maji machafu kwa kawaida hauji haraka namna hiyo wala hauchagui, huu ulichagua. Alichukua karatasi akachora safu tatu: jina, alikula nini, alianza saa ngapi. Baada ya majina sita jibu likawa wazi, kwani wote walikula pilau na hakuna hata mmoja aliyekula ugali wa kambi peke yake akaumwa. Karatasi hiyo ilitumia robo saa na ikaokoa usiku mzima, maana mkuu wa kambi alikuwa tayari ameanza kumwaga tanki la maji la lita 2,000.

Matibabu yalikuwa mepesi. Pakiti moja ya ORS, unga wa kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi, kwa pakiti zile zilizoandikwa lita moja. Mtoto akitapika unasubiri dakika kumi, kisha unaanza tena kwa kijiko, polepole, kwa kuwa kikombe kizima kwenye tumbo linalochafuka kinarudi kilivyoingia. Pakiti zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi hapo, ikizidi inadhuru. Wa kupelekwa kituo cha afya bila kusubiri ni mwenye damu kwenye choo au matapishi, mwenye homa kali, asiyeweza kushika hata vijiko vya maji, aliyelegea au kusinzia kupita kawaida, na ambaye hajakojoa kwa saa nane hivi. Usiku ule hakuna aliyefikia hapo.

Kilichotaka kuharibu mambo ni mkoba. Mzazi mmoja alitoa Flagyl akawagawia watoto watatu kabla muuguzi hajafika. Dawa ya kuua vijidudu haifanyi kitu kwa sumu iliyokwisha tengenezwa, na katika watoto hao watatu mmoja fomu yake ya afya ilikuwa na mstari kuhusu mzio wa dawa. Bahati nzuri, haikuwa dawa hiyo. Kambini dawa hutolewa na mtu mmoja, huandikwa kwenye daftari moja, na mgeni haruhusiwi kumpa mtoto hata Panadol, hata kama ni mwanawe.

Pilau lililobaki nalo lilimwagwa haraka haraka kwa sababu ya aibu. Lilitakiwa libaki kidogo, kiasi cha kikombe, kwenye chombo safi kilichofungwa na kuwekwa baridini, kwa ajili ya afisa afya kama hali ingekuwa mbaya.

"Anamfikisha mjini mara moja"

Saa tisa alasiri mzee wa kanisa alifika getini na mwanamume mmoja na msichana wa miaka 13.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Huyu ni mjomba wake. Anamfikisha hapo mjini mara moja akamnunulie sweta, baridi imemzidi."

Mlezi aliyekuwa na daftari ana miaka 22. Daftari lake lilikuwa na safu mbili, jina na namba ya simu, na mjomba alikuwa ameshaandika zote. Akafungua geti. Mlezi wa kundi la msichana aliambiwa na watoto kwamba "kaenda na mzee", akadhani mzee amemwombea ruhusa kwa mkuu wa kambi. Mzee alidhani mlezi wa getini ndiye mwenye kutoa ruhusa, kwa sababu ndiye aliyefungua. Saa kumi na nusu msichana alirudi na sweta jipya na soda. Mkuu wa kambi alikuja kulijua jambo hilo saa mbili usiku, kwa bahati tu, msichana mwenyewe alipokuwa akimwonyesha mwenzake sweta.

Mjomba alikuwa mjomba wa kweli. Jambo hilo lisipunguze uzito wa kosa: kwa saa moja na nusu, mtu yeyote aliyejitambulisha kwa kujiamini angeweza kuondoka na mtoto, na kambi ingemkosa kwenye hesabu ya jioni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kwa siku zile saba mzazi alikuwa amemkabidhi mtoto wake kwa kambi, hakumkabidhi kwa ukoo.

Wengi wakichambua kisa kama hiki humlaumu yule binti wa getini. Sisi tunaona alipewa kazi isiyowezekana. Katika kanisa letu kijana wa miaka 22 hamkatalii mzee wa kanisa uso kwa uso, na tukitegemea amkatalie tumejidanganya. Katazo lazima litoke kwenye karatasi. Fomu ya ruhusa inayojazwa nyumbani iwe na sehemu ya majina ya watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, namba zao, na sahihi ya mzazi. Mlezi wa getini awe na orodha ya majina hayo na sentensi moja aliyofundishwa: "Samahani mzee, anayeruhusu ni fomu, siyo mimi. Jina lake halimo, tumpigie mama yake?" Mzee hajavunjiwa heshima, na binti hajabeba msalaba wa mwingine. Hata jina likiwemo, mtoto hatoki bila kikaratasi chenye sahihi ya mkuu wa kambi, saa ya kutoka na saa ya kurudi.

Hesabu ya watoto nayo siku hiyo isingoje jioni. Inafanyika kosta ikiwa bado haijafunguliwa mlango, katikati ya mchana, na kabla kosta haijawasha injini kuondoka. Inafanyika kwa makundi, watoto wanane kwa mlezi, kwa majina, siyo kwa kunyooshea kidole kichwa kimoja kimoja huku watoto wanatembea.

Wale 65

Wageni 27 kati ya 31 walikuwa wazazi na ndugu, na walikuja kuwaona watoto 19. Wengine 65 hawakuwa na mtu. Baadhi wazazi wao walikuwa kazini, baadhi hawakuwa na nauli ya kuchangia kosta, mmoja alikuwa amefiwa na baba mwezi wa Februari.

Hili ndilo jeraha kubwa la siku ile na halikuandikwa kwenye ripoti yoyote. Mchana watoto 19 walikaa kwenye mikeka na ndugu zao wakila pilau na kuku, wanne wakabahatika kuitwa na marafiki, na waliobaki wakapanga foleni ya ugali na maharage mita 20 kutoka pale. Siku tatu nzima walezi walikuwa wamejenga makundi ambamo mtoto wa Masaki na wa Mbagala wanaosha sufuria moja. Saa moja na nusu za mikeka zilitosha kuyavunja, na Jumapili asubuhi watoto walikaa kanisani kufuatana na nani alitembelewa.

Usiku hao 19 nao walilia. Watoto wengi hupambana na hamu ya nyumbani siku za mwanzo, kisha inapungua kwa kadiri wanavyozoea. Ziara ya katikati inamrudisha mtoto mwanzo: anaagana mara ya pili, safari hii kukiwa na giza na baridi. Wasichana wawili walioongoza kilio walikuwa wametulia kabisa tangu Alhamisi. Mama wa mmoja alimwambia wakati wa kuagana, "Ukishindwa nipigie, nitakuja kukuchukua," na ili apige akamwachia simu ya kiswaswadu chini ya mfuko wa maandazi. Mwanasaikolojia Christopher Thurber na daktari Edward Walton, walioandika mwongozo juu ya jambo hili katika jarida la Pediatrics mwaka 2007, wanaonya hasa dhidi ya ahadi ya namna hiyo, kwani inamwambia mtoto kwamba mzazi wake haamini kama ataweza, na kuanzia hapo kila dakika ngumu inakuwa sababu ya kupiga. Simu iligunduliwa saa tano usiku ilipoita.

Mzazi afanyeje basi? Aage kwa kifupi na kwa furaha, amwambie mtoto siku atakayomwona ("Jumanne jioni nitakuwa kituoni"), asiulize "unakula lakini?" mara tano. Upande wa kambi, kosta iondoke wakati mchezo umeshaanza. Mechi ya rede ikiwa imepamba moto, watoto wengi hawataliona gari likishuka mlimani. Hapa kosta iliondoka wakati hakuna kipindi chochote, watoto wote wakiwa getini wakipunga mikono.

Kuhusu picha hatuna mengi. Mgeni alipiga picha ya bomba la maji lililo nyuma ya bweni la wavulana, akaituma kwenye kundi lenye watu zaidi ya mia mbili akiandika jina la mahali na siku ya kurudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Kambi iteue mpiga picha mmoja, picha za makundi, watoto wamevaa kamili, zitumwe baada ya watoto kurudi nyumbani. Wengine simu zibaki kwenye kosta.

Wazee walikagua nini

Wazee watatu walikuja kwa niaba ya baraza kuona fedha zimetumikaje. Waliona jiko, wakaona ukumbi, wakasikiliza kwaya, wakaridhika. Wangepata habari nyingi zaidi kwa nusu saa nyuma ya mabweni.

Vyoo vilikuwa vitano. Kwa kipimo cha choo kimoja kwa watu 20, kinachotumiwa na mwongozo wa Sphere wa misaada ya kibinadamu, vinatosha watu 100 bila ziada. Wageni 31 walipofika, kimoja kilitakiwa kiandikwe "wageni" na kufungwa kwa watoto, kwani watu wazima wasiojulikana hawachangii choo na watoto. Hakikuandikwa. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kilikuwa kimoja, dumu la lita tano. Kwa watoto 84 wanaotoka chooni na kwenda kula ndani ya robo saa moja, dumu hilo limekauka kabla kundi la tatu halijafika, na sabuni iliyokuwa imetungwa kwenye kamba ilikuwa imebaki kamba. Viwekwe vitatu au vinne, sabuni ifungwe ndani ya soksi, na kila kundi lipewe zamu ya kujaza.

Bwenini mzee aulize mambo matatu: zamu ya usiku imeandikwa wapi, mlango unafunguka kwa ndani bila ufunguo, na mtoto akisumbuliwa anamwambia nani. Swali la mwisho aulizwe mtoto, mbele ya watu, siyo mlezi. Mtoto akijibu kwa jina la mtu mwanamke na mtu mwanamume, na akaijua 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa watoto, kambi hiyo imefanya kazi. Akimtazama mlezi kabla ya kujibu, hiyo nayo ni habari.

Jambo moja wazee walilifanya vizuri sana. Bibi mmoja, kwa huruma, aliomba jiko la mkaa liingizwe bweni la wasichana kwa ajili ya baridi ya usiku. Mzee mmoja alikataa palepale. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na waliolala hawaamki. Dawa ya baridi ya Lushoto mwezi Juni ni mablanketi mawili kwa mtoto, soksi, uji wa moto kabla ya kulala, na barua ya maandalizi iliyoandikwa sweta kwa herufi kubwa. Barua ya kambi hii ilisema "nguo za kutosha", na mtoto wa Dar akisoma hivyo anabeba fulana sita. Ndiyo sababu mjomba alipata kisingizio cha sweta.

Ziara ikipangwa upya

Pendekezo letu ni kuiondoa katikati na kuiweka siku ya mwisho. Wageni walale Mombo au Lushoto mjini, waingie kambini saa tatu asubuhi, ibada saa nne, chakula saa sita, na saa nane wote washuke pamoja, watoto na wageni. Hakuna kuagana mara mbili, na anayemchukua mtoto wake mwenyewe anasaini mezani kwa mkuu wa kambi.

Kama baraza linataka kukagua kambi inapoendelea, waje wawili au watatu, bila wazazi, wakae saa mbili, wale chakula cha kambi.

Mchango wa wazazi uje mkavu, upikwe palepale na kuliwa na wote kwenye mikeka iliyopangwa kwa makundi ya watoto, kila mgeni akikaa na kundi lolote atakalopangiwa, hata kama mwanawe yuko kundi la pili yake. Kwa watu 131: mchele kilo 20 kwa gramu 150 kila mtu, nyama ya ng'ombe kilo 13, vitunguu kilo sita, viazi mviringo kilo kumi, mafuta lita tatu. Sufuria mbili kubwa, jiko liwashwe saa mbili na nusu, pilau liive saa tano na nusu, ligawiwe likiwa la moto, na litakalobaki hadi saa nane lisipande kwenye basi.